Mvua Ingoje Kwanza

Alhamisi, 3 Oktoba

Mwalimu Doris ameondoka Nachingwea leo asubuhi. Uhamisho wake umetoka, anarudi kwao Njombe kufundisha karibu na mumewe. Nilimsaidia kufunga vyombo huku moyoni naomba gari liharibike. Halikuharibika. Chumba chake kiko wazi, mlango unagongagonga kwa upepo, na mwanangu Somoe kila mara anakwenda kuchungulia. "Doi! Doi!" Hajui kusema Doris.

Ameniachia mfuko wa vipande vya vitenge, sindano mbili nzuri, na kile kitambaa chake cha viraka ambacho hakukimaliza. Si kikubwa, kama sinia. Ameunga vipande tu: chini kitenge chekundu, ndiyo ardhi, katikati nyumba ya khanga ya njano, juu buluu tupu. Ndani kaweka kipande cha blanketi kuukuu, nyuma bitana, akavishona vikashikana.

"Kazi yangu imeishia hapa," alisema. "Kupamba upambe wewe. Weka shanga, weka nyuzi, weka unachokiona kila siku."

"Mimi wa kidato cha pili nitapamba nini, Mwalimu?"

"Kwani sindano inaulizia cheti?"

Nimekaa nacho mapajani mpaka alasiri bila kujua nianzie wapi. Nyumba nzima ya kupanga hii, yeye ndiye aliyekuwa akinigongea asubuhi kuuliza nimeamkaje.

Ijumaa, 4 Oktoba

Joto. Mume wangu Harithi hajapiga simu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Dada Fatma kapiga kutoka Likunja.

Huyu dada ni mama yangu mzazi. Nimemwita dada tangu nilipoanza kusema, kwa kuwa nililelewa na bibi, mama yake, na bibi ndiye niliyemwita mama. Kwetu ndivyo tunavyofanya: mtoto wa kwanza akifikia kuachishwa ziwa anapelekwa kwa bibi yake, na akishakwenda amekwenda. Bibi aliitwa Somoe. Mwanangu nimempa jina lake.

"Mtoto anatimiza miaka miwili lini?" aliniuliza, hata salamu haijakaa vizuri.

"Mwezi wa kumi na mbili, Dada."

"Basi mvua za kwanza zikianguka nakuja kumchukua. Mnyonyeshe mpaka hapo. Huku nimeshamtengenezea kitanda."

"Tutaona."

"Utaona nini? Mimi mwenyewe niliona nini?"

Akakata. Nikatoka nje nikatazama juu. Hakuna hata wingu, bati zinameta mpaka macho yanauma. Nilifurahi.

Jumapili, 13 Oktoba

Harithi kapiga, hatimaye. Mume wangu ni utingo wa lori linalobeba korosho kutoka maghalani kwenda Mtwara. Msimu ukianza namjua kwa sauti tu. Nikamweleza habari ya Dada Fatma.

"Mpeleke tu, Mama Somoe, upumzike. Nakusikia hata sauti imechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Nani kakwambia dawa ya uchovu ni kumtoa mtoto?"

Halafu, "Mtandao unasumbua huku."

Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Nilisikia mpaka muhindi unavyotafunwa karibu naye.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimeanza. Nimetoka na Somoe mgongoni mpaka sokoni, nikanunua shanga nyeupe na nyekundu pale wanapouzia shanga za kiunoni. Mama muuzaji akanikonyeza: "Baba yuko karibu kurudi, eeh?" Nikacheka tu. Ningemwambia nini, kwamba ni za kuivalisha nyumba ya kitambaa?

Nyeupe hazikutosha, nikavua uzi mmoja wa kwangu. Harithi yuko Mtwara, atauchezea nani?

Nimeweka njia, inatoka mlangoni mwa nyumba, inapinda, inashuka mpaka ukingo wa kitambaa. Nilitunga shanga kwenye uzi mmoja mrefu kama bibi alivyonifundisha nikiwa msichana, nikaulaza ule uzi juu ya kitenge, nikaufunga mwanzo na mwisho. Ikatulia vizuri. Somoe alilala muda wote ule, na mimi kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu aondoke sikuwa nasikiliza kama kuna mtu anapita koridoni.

Jumanne, 22 Oktoba

Mama Davis wa chumba cha mwisho kaanika korosho uani, turubai zima, tunapita kwa kuruka. Ana shamba la mumewe huko Nanganga na mwaka huu mikorosho imezaa. Ameniletea mabibo ya mikorosho hiyo kwenye bakuli. Nimemfunga Somoe kitambaa kifuani, maana maji ya bibo yakishika nguo hayatoki.

"Wingu lile silipendi," alisema, anatazama upande wa Ruangwa. "Likininyeshea hizi zitabadilika rangi, ghalani watanirudishia. Tuombe, mwenzangu, mvua ingoje kwanza."

"Amina!" Nilisema kwa nguvu mpaka akanigeukia.

"We Mama Somoe, kwani na wewe una korosho?"

"Sina."

"Basi unavyoitikia utasema una ekari."

Ijumaa, 1 Novemba

Nimefua. Somoe anakohoa kidogo. Hakuna kitu kingine.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeshona mkorosho pembeni mwa nyumba. Shina ni mshono wa mnyororo, uzi wa kahawia mara mbili. Majani ni mishono mifupi ya kijani, mingine nimeiacha ining'inie ili yasionekane yamepigwa pasi. Mabibo nimeweka shanga nyekundu, na chini ya kila bibo shanga moja ya kijivu, ndiyo korosho yenyewe. Hizo za kijivu zilikuwa kazi. Ni ndogo, na macho yangu jioni hayana nguvu.

Nikapiga picha, nikamtumia Mwalimu Doris. Akajibu kwa ujumbe wa sauti:

"Weee! Mkorosho unataka kupukutika! Lakini hiyo njia, fundo umefunga wapi?"

Nikamjibu: mwanzo na mwisho.

"Mwanzo na mwisho! Shakila, hiyo si ya kiunoni. Ya kitambaani kila shanga tatu unafunga fundo nyuma. Uzi ukikatika utalia."

Sikumjibu. Shanga nilifundishwa na bibi, na za bibi hazikukatika hata siku moja. Halafu huko Njombe nilisikia watoto wanacheka nyuma yake. Mwalimu ameshapata wake wa kuwagongea asubuhi.

Juu, kwenye buluu, bado sijaweka kitu. Mwalimu ananiambia niweke mawingu na mvua, shanga za kioo zitapendeza. Najua zitapendeza. Sitaki.

Jumapili, 10 Novemba

Ngurumo mbali, upande wa Likunja. Haikunyesha.

Alhamisi, 14 Novemba

Nilikuwa namwogesha Somoe uani nikasikia, "Hodi wenyewe!" na sauti ile naijua. Dada Fatma, na mfuko wa ming'oko, vile viazi vya porini, kichwani, na mvua haijaanguka hata tone.

"Shikamoo, Dada. Si ulisema mvua?"

"Marahaba. Mvua zitanikuta nina jembe mkononi, nitatokaje? Nimekuja kumzoea mtoto kabla. Asije akaniona mchawi siku ya kumchukua."

Somoe akajificha nyuma ya mguu wangu. Dada akachutama, akammenyea mng'oko, akauweka kwenye kiganja na kukaa hivyo, bila kumwita. Akangoja. Mtoto akaja mwenyewe. Anajua watoto, siwezi kumnyima hilo.

Ndani akakiona kitambaa, nimekitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Akakisogelea. Akakaza macho.

"Hizi shanga za njiani hizi, si za kiunoni?"

"Baadhi."

"Za kwako?"

Nikajishika kiuno.

"Shakila! Umetundika kiuno chako ukutani, anayeingia aone?"

"Ni njia hiyo, Dada."

"Njia ya kwenda wapi? Lo! Harithi akirudi ataanza kupapasa ukuta."

Nikacheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, mkono mdomoni. Hatujawahi kucheka hivyo, mimi na yeye. Kwa bibi alikuwa akija kama mgeni, na kibegi chake, anakaa mwisho wa mkeka.

Lakini usingizi ulipompata Somoe, Dada ndiye aliyembeba akamlaza, akasema kwa sauti ya chini, kama anajiambia mwenyewe, "Mwanangu huyu." Kicheko kikaniishia.

Ijumaa, 15 Novemba

Kaamka kabla yangu, kafagia uwanja, kapika uji, kamlisha mtoto. Nimepumzika, ni kweli. Nimelala mchana kama mtu. Nilipoamka nyumba kimya, hawapo; nikatoka mbio. Walikuwa kwa Mama Davis wanabangua korosho. Somoe kwenye mgongo wa Dada, ametulia, hata hakunyoosha mkono aliponiona.

Wingu limetanda toka saa nane. Mama Davis ameanua turubai lake mara mbili.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo nitaandika yote.

Asubuhi nilikishusha kitambaa nishone pindo. Dada alikuwa anachambua kisamvu mlangoni. Akaanza.

"Nguo za mtoto utafungasha zipi?"

"Dada, sijasema anakwenda."

"Kwani huwa inasemwa?"

"Kwangu itasemwa. Mtoto haendi."

Akaweka ungo chini. "Una nani hapa? Mume kwenye lori, rafiki kahama, umekonda shingo imebaki mfupa. Mtoto anakohoa. Wewe peke yako unaangalia moto, maji na mtoto, unaweza?"

"Naweza."

"Huwezi. Hakuna anayeweza. Ndiyo maana tunapeana."

"Mnapeana au mnanyang'anyana?"

Hapo nilisimama. Kitambaa nilikiacha kwenye mkeka. Nilisema maneno mengine ambayo sitayaandika, naye alisema yake, sauti zimepanda mpaka Mama Davis akatoa kichwa dirishani. Sisi wawili, watu wazima, tumesimama uso kwa uso mlangoni, na mtoto yuko nyuma yetu chumbani.

Nilichosikia ni ile sauti ya punje zikimwagika kwenye saruji. Nikageuka. Somoe amekaa juu ya kitambaa, uzi wa njia uko kwenye meno yake, umekatika, na shanga zote, zote kabisa, zinakimbia sakafuni mpaka chini ya kitanda. Anacheka. Nikamnyakua, nikamfungua mdomo, nikapitisha kidole. Hamna. Nikashukuru. Halafu akapiga chafya, akaanza kujisugua pua na kulia, nikamwinua kwenye mwanga. Ndani ya tundu la kulia, juu kabisa, kitu cheupe.

"Lete kibanio cha nywele," alisema Dada.

"Usimguse! Utaisukuma!"

"Mvutisheni pilipili apige chafya!" Mama Davis huyo, kashafika.

Sikumsikiliza yeyote. Nikatoka na mtoto mikononi hivyo hivyo, khanga moja, mpaka barabarani. Jonasi wa bodaboda alikuwa kona. Nikapanda, na nikahisi Dada anapanda nyuma yangu. Tukabanana mishikaki, watu wanne pikipiki moja, mpaka hospitali. Njia nzima nilikuwa namhesabia Somoe pumzi. Na mvua, siku hiyo hiyo, matone makubwa ya kwanza yakaanza kutupiga usoni, nikasikia Dada nyuma yangu anasema, "Ya Rabi, si leo."

Tulipoingia, daktari kijana akatutazama wote wawili tumeloa, tunahema.

"Mama wa mtoto nani?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema Dada.

Tumesema kwa pamoja. Daktari akatazama huku, akatazama kule. "Nauliza kwa sababu kuna kitu cha kujaribu kabla sijatumia chuma, na lazima afanye mtu ambaye mtoto anamwamini. Ataziba tundu la pua lililo wazi kwa kidole, aweke mdomo wake kwenye mdomo wa mtoto, apulize mara moja kwa nguvu. Mtoto akikataa, basi tena."

Dada alikuwa karibu zaidi. Akanyoosha mikono, akasema taratibu, "Njoo, mama, njoo." Kwa sauti ile ile ya mng'oko kiganjani. Somoe akamtazama. Halafu akageuza uso, akaning'ang'ania shingo kwa mikono yote miwili, kucha zikaniingia.

Dada akashusha mikono.

Nikaketi. Nikamwambia Somoe tunacheza, mama anakubusu. Nikaziba tundu la kushoto. Mdomo wake ulikuwa na chumvi ya machozi. Nikapuliza.

Haikutoka. Daktari akasema, "Tena, kwa nguvu. Usimwonee huruma." Nikapuliza tena na ile shanga ikatoka na kamasi, ikanigonga shavuni. Somoe akashangaa, akacheka. Akasema, "Tena!"

Daktari akacheka, nesi akacheka. Mimi ndiye niliyelia.

Tumerudi kwa miguu, mvua imeshapita, ilikuwa ya kulowesha vumbi tu. Dada akasimama mlangoni, shanga bado ziko sakafuni. Akazitazama. "Na tulikuwa wawili wa kumwangalia," akasema.

Jumapili, 17 Novemba

Asubuhi nilimkuta amepiga magoti anaokota shanga, anatumia kidole kilicholowa mate, anazitia kwenye kikombe. Nikajiunga. Tukawa tunaokota, vichwa chini, na labda kwa sababu hatukuwa tunatazamana, akasema.

Alisema bibi alikuja kunichukua mvua za kwanza. Aliambiwa, mvua zikiisha mtoto atarudi. Mvua zikaisha, akavuna, akapanda tena. Maziwa yalimjaa, akawa anayakamulia kwenye majivu nyuma ya nyumba ili mumewe asione. Halafu siku moja akaja kunisalimia na gauni alilonishonea, na mimi nikamwambia bibi, "Mama, dada amekuja." Watu wakacheka.

"Ulifanyaje?"

"Na mimi nikacheka. Ningefanyaje?"

Niliacha kuokota. Miaka yote nimemwona mwanamke aliyenitoa mikononi akaendelea na kilimo chake. Nilikuwa nikikichukia kile kibegi chake.

Nikamwambia, "Dada, yalikuuma hivyo, na bado unataka mimi nikamulie majivuni?"

"Mimi nilivumilia."

"Najua."

"Na nilikuwa nangoja. Nilijua zamu yangu ya kulea itafika. Wote wanaipata, hata mama aliipata, ulikuwa wewe. Sasa wewe unaniambia zamu haipo." Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu aliyesimama kwenye mstari siku nzima, akafungiwa dirisha.

Nilitaka kumshika mkono. Nikasema, "Somoe haendi, Dada. Njoo umwone kila unapotaka. Nitamleta akuone. Lakini kulelewa, analelewa hapa."

Akainuka, akajikung'uta magoti. Akafunga mfuko wake. Kikombe cha shanga akakiweka juu ya meza, mahali mtoto hafiki. Kwenye gari hakupunga mkono.

Jumanne, 26 Novemba

Nimempigia. Inaita tu.

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua imeanza yenyewe sasa, toka alfajiri, bati zinapiga kelele mpaka Somoe anaziba masikio. Mama Davis kashauza korosho zake, anacheza uani na ndoo kichwani. Watu wote wanafurahi. Nimekaa mlangoni natazama njia ya stendi mpaka mchana. Najua haji. Nimemkataza mwenyewe. Nimetazama hivyo hivyo.

Alhamisi, 5 Desemba

Simu inaita tu. Nimetuma ujumbe: Somoe hakohoi tena.

Jumapili, 8 Desemba

Nimeanza njia upya. Kila shanga na fundo lake nyuma, si kila tatu, kila moja. Inachosha. Unachoma, unavuta, unageuza, unafunga, unakata, unaanza. Bibi angenicheka kwa kumaliza uzi hivi. Nimefanya kipande kifupi kama kidole, taa ikazima.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimeanza kumwachisha. Nimepaka shubiri. Amenyonya, amekunja uso, amenitazama kama mimi ndiye niliyebadilika. Ametupa kikombe cha maziwa. Amelia tangu adhuhuri mpaka Mama Davis akaja kumbembeleza, akashindwa, akaniambia, "Hii ndiyo kazi ya mabibi, mwenzangu. Mama na ziwa lake hawawezi kukaa chumba kimoja." Nimejua sasa kwa nini tunawapeleka. Si uchawi wala unyang'anyi. Ni kwamba hili haliwezekani.

Kifua kimejaa, nguo imelowa. Nimekwenda nyuma ya choo nikakamua, na nikamfikiria mtu mmoja tu.

Jumamosi, 14 Desemba

Kalia. Nimelia.

Jumatatu, 16 Desemba

Kalia kidogo. Kala ugali na mbaazi kwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa, 20 Desemba

Ameacha. Asubuhi alikuja, akaniwekea kichwa kifuani, akakaa, hakutafuta kitu. Akaondoka kwenda kucheza. Nilibaki nimekaa palepale. Harithi kapiga, nikamwambia, akasema, "Peke yako?" Nikamwambia peke yangu. Safari hii hakusingizia mtandao. Akasema atakuja mwisho wa msimu, alale hata wiki. Tutaona.

Nimemaliza kitambaa leo. Buluu nimeitia mvua, shanga za kioo, zinaanguka juu ya nyumba na juu ya mkorosho. Nazo kila moja na fundo lake. Nyuma, bitana imejaa vifundo kama upele, haipendezi kabisa.

Alhamisi, 26 Desemba

Nimekuja Likunja na Somoe. Sikupiga simu kabla, isingepokelewa.

Alikuwa shambani nyuma ya nyumba anapanda mahindi. Akatuona. Akamaliza mstari wake mpaka mwisho, ndipo akaja, mikono ina udongo.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umemleta."

"Nimemleta akusalimie."

Somoe akamtazama, akakumbuka, akafungua kiganja chake mwenyewe. Dada akacheka kwa pua, akaingia kutafuta kitu cha kuweka pale. Akarudi na kipande cha muhogo.

"Ziwa ameacha?"

"Ameacha."

"Nani alikusaidia?"

"Hakuna."

Akanitazama kifuani, halafu usoni, muda mrefu. Nikatoa kitambaa kwenye mfuko. Nikamwambia, "Nimekuletea hiki kikae kwako."

Alinawa mikono kwanza. Akakipeleka mlangoni penye mwanga, akaketi kizingitini, akakitandika magotini. Hakuuliza nyumba ni ya nani. Hakuuliza mvua. Aliingiza ukucha chini ya shanga ya kwanza ya njia, pale mlangoni mwa nyumba, akavuta. Nilifikiri anaigusa tu. Akavuta kwa nguvu, mpaka kitenge kikainuka. Akaiacha. Akaenda ya pili, akavuta. Ya tatu. Somoe akasimama begani kwake anatazama. Alizivuta moja moja, pale njia inapopinda, na inaposhuka, mpaka ukingoni, na ile ya mwisho akaiuma kwa meno.

"Haitoki," akasema.

"Haitoki."

Akakigeuza nyuma akayaona mafundo. Akapitisha kiganja juu yake, akaenda, akarudi.

"Mnaondoka lini?"

"Jumapili. Wote wawili."

Nilikuwa tayari kwa ugomvi. Nilikuwa nimeuandaa njia nzima, tangu Nachingwea.

"Basi Jumamosi nitawachinjia kuku," akasema, akaingia ndani kutafuta msumari.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimemsaidia kupanda. Somoe kalala mchana kwenye kile kitanda alichotengenezewa. Ni cha kamba, kizuri, miguu imechongwa. Dada alikaa karibu akimpepea nzi. Nikawaacha.

Jumamosi, 28 Desemba

Kachinja. Kanipa mimi firigisi.

Jumapili, 29 Desemba

Tumerudi. Gari lilikwama kwenye tope mara mbili, abiria tukashuka tukasukuma, Somoe kalala kwenye yote. Chumba kina harufu ya kufungiwa na ukungu umeota ukutani. Mama Davis hayupo, kaenda Nanganga kupalilia. Nyumba nzima hakuna sauti ila bati.

Nimempigia Dada kumwambia tumefika. Amepokea kabla haijaita mara ya pili. Nikasema tumefika salama, akasema haya. Kisha hatukuwa na la kusema, na hakuna aliyekata.